Vumbi la Sufu

Maji yaliyochujwa, tone moja la sabuni,
brashi laini, glovu za pamba,
na lile puto la mpira la kuvuta kamasi za watoto,
linalopuliza vizuri kuliko kinywa changu,
maana pumzi ina mate, na mate huacha ushahidi.

Masanduku kumi na moja yalikuwa chini ya ngazi.
Negativu za babu Firmino,
mpiga picha wa Covilhã, mji ulioparamia ubavu wa mlima
ukachoka katikati, ukakaa hapohapo.
Kule bondeni viwanda vya sufu vimekufa wima,
madirisha nje, njiwa ndani,
lakini vumbi lao halijapata habari.
Bado liko zamu: juu ya meza yangu ya taa
unyoya wa kondoo aliyeliwa kabla sijazaliwa
umelala mdomoni mwa msimamizi wa mashine.
Napuliza. Unainuka, unazunguka,
unarudi palepale.
Mkaidi kama msimamizi mwenyewe.

Nimejifunza adabu ya kazi hii.
Shika kingo, usiguse uso.
Upande unaong'aa ni mvumilivu;
upande uliofifia ndio uliobeba watu, nao haupendi mikono.
Usisugue. Anayesugua anaandika.
Na huku kila kitu ni kinyume: bibi harusi amevaa makaa,
vikongwe wana nywele nyeusi tena,
na punje ya uchafu ninayoiona nyeusi leo
kesho karatasini itakuwa tundu jeupe
kwenye paji la uso wa mtu.

Siku ya tatu, bahasha ya mwaka sitini na mbili.
Mwandiko wa babu, umebanana kama meno ya kitana:
*Idalina Rebordão, mfumaji. Nakala nne, za pasipoti.*
Chini ya jicho la kushoto, doa.
Siyo sufu, siyo ukungu;
vimistari vya kijivu, vyembamba, vingi,
kama miguu ya sisimizi waliokanyagana.
Nikavunja sheria yangu. Spiriti kidogo kwenye pamba,
nikaiviringisha, sikusugua,
pamba ikatoka na kijivu chake
nami nikafurahi kama mtu aliyekwangua ukoko wote.

Kisha nikainua simu, ile inayogeuza nyeusi kuwa nyeupe.

Idalina akanitazama.
Na chini ya jicho la kushoto, pale nilipopatakasa,
vilio la damu, upana wa ngumi.

Ilikuwa penseli.
Babu alikaa hapa, kwenye kiti hiki chenye mguu mfupi,
kioo cha kukuzia jichoni, penseli imechongwa hadi mwiba,
akaweka mwanga juu ya shavu lile, nukta kwa nukta,
usiku mzima labda,
ili afisa wa mpakani aone mwanamke anayesafiri tu,
asione anachokikimbia.
Miaka yote hiyo doa likashika zamu yake.
Mimi nimelifuta kwa dakika mbili, na glovu safi.

Mama husema babu yake mzazi, huyu Firmino, alikuwa bahili,
angeweza kumtoza mtu hata kivuli chake.
Nimepitia bahasha mia nne na ushee.
Kila moja ina bei kwenye kona, na mstari chini ya bei.
Ya Idalina, kona ni tupu.

Nilitafuta penseli. Nikachonga.
Mkono ukatetemeka, nikairudisha kwenye kikombe.
Sijui kama alivuka. Sijui kama bado yu hai
mahali fulani Ufaransa, shavu limepona kitambo,
akiwafokea wajukuu kwa lugha mbili.

Ile pamba sikuitupa.
Nimeikausha, nimeikunja ndani ya karatasi,
nimeiweka bahashani pamoja naye,
kijivu chote cha babu, kiasi cha kuficha ukucha.
Nikaandika tarehe. Nikaandika jina langu, kwa kosa langu.

Kona nimeiacha kama nilivyoikuta.